Dripu ya platini

Mwandishi, ahsante kwa kumwandika Profesa Tebello Nyokong wa Lesotho, ila usiishie kwenye tuzo yake ya 2009. Na ndugu uliyesema hapo juu kwamba kemia ya metali haimfai mgonjwa: mimi ni wa Palma, nilimuuguza shangazi yangu alipotundikiwa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani. Ndani yake mna platini. Kwanza maji, chupa baada ya chupa, kulinda figo, kisha dawa. Usiku masikio yalimvuma, akawa ananiuliza kama ile ni bahari. Sisplatini yenyewe ilishatengenezwa 1844, lakini ni 1965 ndipo mwanasayansi Rosenberg, akichunguza bakteria, alipoona inazuia seli kugawanyika. Nyokong naye anatia metali kama zinki kwenye rangi ya buluu, ikimulikwa iue seli za saratani. Hapo ndipo ungetueleza zaidi.