Mama Mja Mzito, Usingoje Kuche

Katika ploti zetu za Dandora mama mja mzito akivimba uso, majirani humtania: "Bila shaka ni mapacha!" Naye hucheka, siku zikapita.

Jirani yangu wa Phase 4 alitaniwa hivyo. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Kwanza pete ilikataa kutoka kidoleni, kisha uso ukafura. Usiku mmoja kichwa kilimuuma sana, akameza tembe mbili na kumwambia mumewe wangekwenda hospitalini kukipambazuka. Saa nane za usiku akapatwa na kifafa cha mimba. Mama aliokolewa, lakini mtoto hakuishi.

Miguu kuvimba kidogo jioni baada ya kusimama kutwa ni jambo la kawaida. Lakini uso na mikono vikivimba ghafla, kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu au vimulimuli, au maumivu yakishika chini ya mbavu, hiyo huenda ikawa presha ya mimba. Aghalabu huanza baada ya wiki ya 20. Tena yaweza kuja kimyakimya bila dalili yoyote. Ndiyo maana muuguzi hukufunga kile kitambaa mkononi na kupima mkojo wako. Presha ikifika 140 kwa 90, hiyo si ya kupuuzwa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri mama aonwe na wahudumu mara 8 au zaidi, mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12.

Dalili nyingine zisizongoja ni hizi: damu kutoka, hata kama ni kidogo, maji kupasuka kabla ya wakati, homa kali, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Mama akishikwa na kifafa, mlaze kwa ubavu na usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani. Mkimbize hospitalini mara moja. Hata akishajifungua, hatari ya presha yaweza kuendelea kwa majuma sita.

Nawe baba, kazi yako ianze mapema. Weka kando nauli ya usiku. Patana na jirani mwenye gari, au dereva wa teksi unayemwamini. Jueni mtakakokwenda. Kliniki ya mtaani hupima na kushauri, lakini mama akihitaji upasuaji, hospitali za umma zilizo karibu nasi ni Mama Lucy Kibaki na Pumwani, ambayo imezalisha kina mama wa Nairobi tangu 1926. Kijitabu cha kliniki kisikose mkobani.

Msomaji, afadhali urudishwe nyumbani ukiambiwa u mzima, kuliko kufika ukiwa umechelewa. Usiku wa Dandora ni mrefu, lakini maradhi haya hayangoji kuche. Tukutane Jumapili ijayo.