Rangi ya Bafu Isifiche Uchafu

Na Zaituni Nalubega
Safu ya Nyumba na Mtaa

Ukishuka Kyebando, Kampala, kuelekea mfereji wa Nsooba, vyumba vya kupangisha vinazidi kubanana, na bafu moja linahudumia milango minne, mitano, wakati mwingine zaidi. Bafu lenyewe ni dogo: kuta za matofali ya kuchoma zilizopigwa lipu, kidirisha cha matundu karibu na paa, sakafu yenye mteremko na tundu la kutolea maji. Mwenye nyumba akifika dukani kununua rangi, neno lake la kwanza kwa muuzaji huwa lile lile: nipe inayoficha uchafu. Anarudi na kopo la damu ya mzee, au maji ya kunde, au kijivu cha moshi. Fundi anapaka, wapangaji wanaendelea kuoga, na mwaka mzima unapita bila mtu kuona kinachoota nyuma ya mlango.

Safu hii inashika msimamo wa upande wa pili. Bafu la watu wengi linataka rangi inayoonyesha uchafu.

Ukungu mweusi juu ya ukuta wa damu ya mzee hauonekani mpaka uanze kunuka. Ufa kwenye lipu, ule unaopitisha maji taratibu hadi chumba cha jirani, nao haujulikani mpaka godoro la jirani lilowane. Juu ya ukuta wa krimu au wa samawati hafifu, doa la kwanza linaonekana wiki ile ile, na brashi, sabuni na jiki kidogo vinatosha kulimaliza. Hata ute unaojikusanya pale ukuta unapokutana na sakafu, ambao ndio unaowatelezesha wazee na watoto, huonekana mapema.

Halafu kuna suala la mwanga. Wapangaji wengi huoga alfajiri kabla ya kukimbilia teksi, au jioni wakirudi kazini. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, na giza huingia haraka. Mwaka 1819 mwanasayansi wa Bohemia, Jan Evangelista Purkyně, aligundua katika matembezi yake ya alfajiri kwamba maua mekundu, yanayong'aa mchana, huwa ya kwanza kufifia mwanga unapopungua, ilhali bluu na kijani huendelea kuonekana. Jicho la mpangaji wa Kyebando hufanya kazi vivyo hivyo. Saa kumi na moja alfajiri, ukuta wa damu ya mzee ni ukuta mweusi. Rangi nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoifikia; rangi nzito kama damu ya mzee humeza karibu wote, na taa inabaki kuwaka kwa fedha ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, ambayo watu wamechanga.

Majarida ya mapambo yanayotoka Ulaya husema chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi, kwa hiyo kipewe rangi ya joto. Ushauri huo ni wa London. Kampala, jua la adhuhuri huelea upande wa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, kisha likahamia kusini, na nyakati zote hizo liko juu sana, karibu na utosi. Linaloleta tofauti hapa ni mashariki na magharibi. Bafu lenye kidirisha cha magharibi hupokea jua kali la alasiri lenye wekundu. Krimu ndani yake hugeuka kama chungwa, wakati kijani hafifu au samawati hutulia. Na kwa kuwa Kyebando nyumba zimekaribiana hadi mikono ya majirani kukutana dirishani, mwanga unaoingia mara nyingi umeshagonga ukuta wa jirani kwanza. Ukuta huo ukiwa wa matofali yasiyopigwa lipu, bafu zima linapata wekundu ambao haukuwa kwenye kadi ya dukani.

Kwa nini basi usipake nyeupe yote ukamaliza? Jibu liko kwenye aina ya rangi. Nyeupe ya mafuta hugeuka manjano mahali penye giza, na hewa yenye amonia huharakisha mabadiliko hayo. Amonia hutoka kwenye mkojo na kwenye baadhi ya dawa za kusafishia, na bafu la pamoja halikosi vyote viwili. Ndiyo maana nyuma ya mlango, ambako mwanga haufiki, nyeupe ya mafuta hugeuka rangi ya samli wakati ukuta wa mbele yake bado mweupe. Nyeupe ya maji yenye akriliki haina tabia hiyo. Anayetaka mafuta kwa sababu yanaosheka vizuri, na sababu hiyo ni ya haki, aanze na krimu ili manjano yakija yasishtue.

Shule na zahanati za Afrika Mashariki zina desturi nzuri: sehemu ya chini ya ukuta, hadi kiunoni au kifuani, hupakwa mafuta ya rangi ya wastani, na juu hupakwa krimu. Anayeoga kwa beseni na kopo hurusha maji na povu hadi usawa huo huo, kwa hiyo desturi hiyo inalifaa bafu la Kyebando. Lakini inafaa zaidi nyumba za juu mlimani. Karibu na Nsooba, ukuta hunyonya unyevu kutoka ardhini, chumvi hutoka kwenye tofali na kuwa unga mweupe, na rangi ya mafuta iliyoziba pumzi ya ukuta huvimba na kubanduka hadi usawa wa goti. Huko chini, rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua, au chokaa kwenye kuta zisizorushiwa maji, itadumu zaidi. Chokaa huleta mwanga pia, na Lamu wamelijua hilo kwa karne nyingi: vyumba vya ndani vya nyumba za mawe, vyenye mwanga mchache, hung'arishwa kwa chokaa nyeupe. Lipu mpya nayo isubiriwe wiki nne kabla ya kupakwa chochote.

Mlango wa nje una siasa zake. Kampala, manjano ni rangi ya chama cha NRM, nyekundu ya NUP, bluu ya FDC na kijani ya DP, na mpita njia huisoma haraka. Mwenye nyumba anayetaka amani na wapangaji wake wote anaweza kuchagua kahawia kwa mlango.

Manjano na nyekundu kali zina hatari nyingine, kubwa zaidi. Rangi za mafuta za aina hiyo ndizo ambazo mara nyingi hukutwa na madini ya risasi, kwa sababu kromati ya risasi ilitumika miaka mingi kuzipa ukali. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2011 shirika hilo na lile la Mazingira la Umoja wa Mataifa yaliunda muungano wa kuiondoa kwenye rangi, na kiwango cha juu unachopendekeza ni sehemu 90 kwa milioni. Muulize muuzaji akuonyeshe kopo lililoandikwa kuwa halina risasi. Na kama ukuta una rangi ya zamani, fundi asiipige msasa ikiwa kavu: ailoweshe kwanza, watoto wakae mbali, na vumbi likusanywe.

Kabla ya kulipa, nunua kopo dogo, paka kipande cha ubao mara mbili, kikikauka kiweke bafuni ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Bafu la mita moja na nusu kwa mbili, lenye kuta za mita 2.4, lina takriban mita 15 za mraba ukiondoa mlango. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inataka lita tatu. Kopo la lita nne litabakisha lita moja ya kuziba madoa mwakani, na namba ya rangi iandikwe kwenye kifuniko chake.