Ualbino ni jeni, siyo jini



Juzi nilikuwa kijiweni Geita, mchimbaji mmoja akasema bila kupepesa macho: "Mke akikuzalia zeruzeru, mwulize kamtoa wapi." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana balaa lote linaanzia hapo.

Tuwekane sawa. Ualbino unarithiwa kwa baba NA mama. Hapa kwetu chanzo kikubwa ni hitilafu kwenye jeni iitwayo OCA2, inayohusika na melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu haonyeshi dalili yoyote, ni mweusi kama kawaida. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino.

Tanzania inakadiriwa kuwa na mwenye ualbino 1 katika kila watu 1,400 hivi. Ukipiga hesabu ya urithi, wanaobeba nakala hiyo bila kujijua ni kama mtu 1 kati ya 19. Hesabu vichwa humo kafe ulimokaa. Labda ni wewe.

Sasa bahati ya dhahabu inaingiaje hapo? Haiingii. Ila mganga akamwambia mwenye duara kwamba kiungo cha binadamu kitamwonyesha mwamba, na watu wakachinjwa. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wakati huo Shinyanga, leo Geita. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Watoto kibao wakapelekwa Buhangija, Shinyanga, kwa usalama wao, mbali na mama zao. Na bado mwaka 2024 mtoto mdogo aliuawa Kagera.

Kwa mtazamo wangu, sheria inamkuta muuaji njiani tayari. Safari inaanza nyumbani, pale baba anapoikana damu yake. Mama anafukuzwa, mtoto anabaki hana mlinzi, na mwenye panga anajua hilo.

Kwa hiyo kaka, siku ikikufikia, usimwulize mkeo kamtoa wapi. Nusu umeitoa wewe. Mnunulie kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, mwalimu amkalishe mbele maana macho hayaoni mbali, halafu simama mlangoni kama baba.

Nawasilisha.