Mwana mkubwa aliposikia muziki

Neno la leo: Luka 15:25-32



Kisa cha mwana mpotevu tumekihubiri sana, lakini kuna jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Mwana mkubwa alipokaribia nyumbani akitoka shambani, kilichomfikia kwanza ni sauti ya muziki na watu wakicheza. Hakuingia kuona mwenyewe. Alisimama nje, akamwita mtumishi na kumuuliza kuna nini. Alipojibiwa, alikasirika.

Angalia kwamba Yesu hakusema zile zilikuwa nyimbo za hekaluni. Ilikuwa sherehe ya nyumbani, ndama amechinjwa, watu wanakula na kucheza. Bwana wetu aliutumia muziki wa namna hiyo, wa watu wa kawaida, kutueleza furaha ya Baba anapompata aliyepotea.

Sisi wa Kilwa na pwani ya Lindi neno hili linatuhusu. Kwetu muziki hauko mbali. Jina la Kilwa lilibebwa na bendi nzima, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyowachezesha watu wa Dar es Salaam miaka ya 1960. Wakristo huku ni wachache, tunaishi na ndugu zetu Waislamu ukuta kwa ukuta. Jirani akiozesha, ngoma au bendi inatufikia mpaka kitandani. Wengi wetu tunauliza tukiwa nje, "Kuna nini huko?" Kisha tunahukumu.

Mkumbuke marehemu Remmy Ongala. Alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na baadaye akavuma na Super Matimila. Katika kumbi za dansi, mahali ambapo mtu hulipa kiingilio ili asahau shida zake, Remmy aliimba juu ya kifo. Aliimba juu ya maskini na unyonge wao. Watu walicheza huku wakikumbushwa kwamba watakufa. Ni mhubiri gani kati yetu asiyetamani kusikilizwa hivyo?

Katika miaka yake ya mwisho Remmy aliokoka, akaimba Injili, hadi alipofariki Desemba 2010. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ukweli aliouimba kabla ya hapo nao ulikuwa ukweli. Kitabu cha Mhubiri 7:2 kinatushauri twende kwenye nyumba ya msiba, maana huko mtu hujifunza mwisho wake. Remmy aliupeleka ushauri huo ukumbini, kwa watu ambao Jumapili hatuwaoni kwenye mabenchi yetu.

Kuna jambo jingine la kujifunza kwa wanamuziki wa laivu. Mpiga gitaa akikosea, ukumbi wote unasikia. Mwimbaji akichoka, jasho lake linaonekana. Hawezi kutuma sauti yake na mwenyewe akabaki nyumbani. Nabii Elisha alipotaka kusikia neno la Bwana, aliomba aletewe mpiga kinanda. Mtu yule akapiga pale pale, na mkono wa Bwana ukamjia nabii (2 Wafalme 3:15).

Sasa jiulize tunachofanya kwenye matamasha yetu. Mwimbaji anampa fundi mitambo flashi, wimbo unapigwa, yeye anachezesha midomo. Tumeizoea pleibeki hiyo mpaka hatuioni tena. Na si waimbaji tu. Wangapi kati yetu tunasimama ibadani midomo ikitembea, moyo uko sokoni? Paulo anatusihi tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai (Warumi 12:1). Kilicho hai hutoa jasho, na huweza kukosea mbele za watu.

Sisemi kila jukwaa ni takatifu. Zipo nyimbo zinazomdhalilisha mwanamke na kusifia ulevi; hizo tuzikatae. Lakini kupitia Amosi 5:23-24 Mungu alizikataa hata nyimbo za ibada, kwa sababu haki haikuwepo. Kipimo ni hicho hicho kwa bendi na kwa kwaya: wimbo ukiisha, unamtazamaje jirani yako?

Kwa hiyo wiki hii muziki ukikufikia, usiishie kuuliza. Nenda kawape hongera wenye harusi. Mzazi, kaa na kijana wako akueleze wimbo anaoupenda unasema nini, kabla hujamkataza. Na wewe mwalimu wa kwaya, kama mna ngoma moja tu, pigeni hiyo moja na mwimbe kwa sauti zenu.

Baba alitoka nje kumsihi yule mwana mkubwa. Yesu hakutuambia kama aliingia. Jibu tunalitoa sisi.