Mtihani wa Kengele, Zahanati Isiyo na Kengele

Toleo hili linawafuata wanafunzi wa utabibu na uuguzi hadi kwenye chumba wanachokiogopa kuliko vyote, cha mtihani wa vitendo, ambao vyuoni huitwa OSCE au OSPE. Kengele inalia, mwanafunzi anaingia kituo cha kwanza. Mtahini amekaa na karatasi yake ya kuweka vema, hacheki wala hanuni. Dakika chache baadaye kengele inalia tena na kuhama ni lazima, umemaliza au hujamaliza. Aliyekesha akikariri hatua zote husahau kunawa mikono. Wengi wetu tumezoea kuona hapo udhaifu wa mwanafunzi. Mimi naona hofu hiyo inashuhudia zaidi juu ya mafunzo kuliko juu ya anayefunzwa. Mara nyingi anatetemeka kwa sababu hajawahi kutazamwa na mjuzi, tangu mwanzo hadi mwisho, akiifanya kazi ile ile anayoulizwa.

Mtihani wenyewe sina ugomvi nao. Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliutangaza mwaka 1975 kwa sababu ya haki: kabla yake mwanafunzi mmoja aliangukia mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, mwenzake mgonjwa mgumu na mtahini mkali, na bahati ikaitwa alama. Katika nchi ambamo kila mtu ana mjomba mahali fulani, karatasi moja kwa watahiniwa wote si jambo la kudharau. Kosa letu ni kuamini kwamba aliyefaulu mbele ya mdoli wa mazoezi atafaulu pia mbele ya mtoto.

Ushahidi tunao hapa hapa Tanzania. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliwapima wahudumu waliopata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Kwenye mdoli walifanya vizuri zaidi kuliko awali, lakini katika chumba cha kujifungulia utendaji wao haukubadilika. Kilichokuja kuleta mabadiliko kilikuwa kidogo mno kwa kukitazama: mazoezi ya dakika chache, ya mara kwa mara, palepale wodini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka takribani 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000.

Sasa tuje Nachingwea na Ruangwa, ambako kijana aliyesomea Lindi, Masasi au Nyangao anaweza kupangiwa kazi. Wilaya hizi mbili zilikuwa miongoni mwa sita za Lindi na Mtwara ambako, kati ya mwaka 2010 na 2013, wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi wapya majumbani kuwashauri. Ushauri ulisikika: mienendo kadhaa ya kumtunza mtoto ilikuwa bora, na akina mama wengi zaidi walijifungulia kwenye vituo vya afya. Hata hivyo utafiti haukupata ushahidi kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua. Sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini moja haiepukiki: mama akishashawishika kuja, uhai wa mwanawe uko katika mikono anayoikuta pale. Mikono hiyo haifanyi kazi kwa kengele. Zahanatini mhudumu anaweza kuwa peke yake usiku, taa hafifu, na bibi anayeeleza hali ya mjukuu wake nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kimwera, lugha ya huko (mdoli, tukumbuke, haongei Kimwera).

Wapo watakaosema hofu ni sehemu ya kazi na anayeshindwa mbele ya mtahini atashindwa mbele ya damu. Lakini hofu ya kuhukumiwa na hofu ya kumpoteza mgonjwa si kitu kimoja. Ya kwanza hukufanya umtazame mtahini, ya pili hukufanya umtazame mgonjwa, na anayezoezwa ile ya kwanza tu hajaandaliwa kwa ya pili. Pingamizi zito zaidi ni la uhaba: wodi zimejaa, wafanyakazi ni wachache, nani atasimama kumtazama mwanafunzi? Ni kweli. Ndiyo maana mfano wa Haydom una uzito, kwa kuwa kilicholeta mabadiliko hakikuwa semina ya siku moja, kilikuwa dakika chache na mdoli aliyekaa wodini badala ya kufungiwa kabatini. Wengine watahofia upendeleo ukirudi wodini. Basi alama za kufuzu zibaki kwenye mtihani, na kutazamwa wodini kuwe kwa kufundisha tu, bila alama.

Ombi letu ni kwa wakuu wa vyuo vya kusini na waganga wafawidhi wa hospitali za wilaya za Nachingwea na Ruangwa: kabla mwanafunzi hajaitwa na kengele, awe ametazamwa wodini na mkufunzi au muuguzi mzoefu, akasahihishwa papo hapo, na akarudia.