Babu akilala haguswi

Nyumbani kwa babu yangu, juu kidogo ya mji wa Lushoto, watoto wote tulifundishwa sheria moja hata kabla ya kuanza shule: Babu akilala haguswi. Ukitumwa kumwamsha unasimama mlangoni, unamwita, unasubiri aitike. Hakuna aliyetuambia sababu. Nilidhani ni adabu tu.

Julai iliyopita nilipanda kutoka Mombo na mtoto wa dada yangu, yuko darasa la pili. Jioni baridi ilikuwa kali, wote tumejikunyata sebuleni. Taarifa ya habari ya saa mbili ikaonyesha maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, Julai 25, viongozi wakiweka mkuki, ngao na shada la maua kwenye mnara. Mtoto akamgeukia mzee.

“Babu, mama alisema na wewe ulikwenda vitani. Uliua wangapi?”

Bibi akaacha kumenya viazi. Mimi, mwandishi wa habari za afya mwenye digrii yake, nikaanza kutafuta rimoti.

Babu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Nilichoka, mjukuu wangu. Nilichoka sana.”

Alikuwa mkulima wa miaka 27, mgambo, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na wengi wetu tunadhani mambo yaliishia hapo. Kwake safari ilikuwa bado. Waliendelea kaskazini, sehemu kubwa kwa miguu, mpaka wanajeshi wetu walipofika mpaka wa Sudan Juni 3. Pamoja nao walikuwapo wapiganaji wa Uganda waliorudi kutoka uhamishoni, na hao, anasema, ndio aliowaonea huruma zaidi. Walikuwa wanapigana na ndugu zao, kwenye vijiji vyao wenyewe.

Alijifunza kulala huku anatembea, mkono ameushika mkoba wa aliyemtangulia. Siku walipoambiwa vita vimekwisha, anasema, kwao hakuna aliyeruka wala kuimba. Walikaa chini ya mti wakavua viatu.

“Halafu ukarudi?” mtoto akauliza.

“Nikarudi. Hakukuwa na sabuni.”

Tukacheka wote, na naye akacheka. Ni kweli lakini. Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wanaokumbuka foleni za sukari watakwambia miezi hiyo ilizaa miaka. Askari aliyechoka akapokelewa na nchi iliyochoka. Akashika jembe, kabichi zikaota, na hakuna aliyemuuliza analalaje.

Bibi ndiye anayejua analalaje. Mwaka ule aliporudi, bibi alimgusa bega usiku ili amwamshe, akajikuta ameshikwa shingo. Aliniambia hayo jikoni, kwa sauti ya chini. Sheria ya mlangoni aliitunga yeye, asubuhi yake.

Hali hii ina jina. Wataalamu wanaiita msongo unaofuata kiwewe, na madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza rasmi katika mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya babu kurudi. Mtu huota yaleyale, hushtuka eksozi ya bodaboda ikilipuka, hukasirika ghafla, hukwepa mazungumzo fulani, au anakuwapo nyumbani lakini kama hayupo. Wengine hujitibu kwa pombe. Inaweza kudumu miongo mingi, na kwa baadhi ya wazee huzidi wanapoacha kazi, maana shughuli iliyokuwa inafunika kumbukumbu imeondoka.

Tukisikia afya ya akili wengi tunawaza Mirembe, na wa milima yetu tunaikumbuka Lutindi, upande wa Korogwe, inayotibu wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100. Lakini huhitaji kuanzia huko. Anzia hospitali ya wilaya, na sema wazi: mzee wangu alikwenda vitani. Babu amepimwa presha mara zisizohesabika na neno hilo halijawahi kutajwa, wala na sisi. Matibabu ya mazungumzo husaidia, na zipo dawa. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila daktari si miongoni mwake. Huleta mazoea, na mzee akiamka usiku akiwa na kizunguzungu anaweza kuanguka.

Na mtoto je? Usimkaripie, ameuliza alichokiona kwenye televisheni. Mwambie mambo mengine Babu atayasema akitaka, ila anaweza kumuuliza walikula nini, walilala wapi, rafiki yake alikuwa nani. Mzee akianza kusimulia, kaa. Akinyamaza, usimvute. Na sababu ya kutomgusa akilala mpe, kwa maneno ya umri wake. Sisi tulinyimwa, tukakua tukimwogopa mtu aliyekuwa anajiogopa mwenyewe.

Nilimweleza mtoto usiku ule kabla hajalala. Asubuhi nikamkuta amesimama mlangoni kwa Babu, kikombe cha chai kinamwagika kidogo, anaita polepole: “Babu. Babu, ni mimi. Uko nyumbani.”

Maneno hayo mawili ya mwisho sikumfundisha mimi.