Sufuria ya Mama na Risasi ya Betri

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Mbuji, Wilayani Mbinga, kuwaamkia wazee. Jioni moja nilimkuta mdogo wangu, ambaye huvua dagaa Ziwa Nyasa, amechuchumaa penye mafiga nyuma ya nyumba. Alikuwa ameipasua betri kuukuu ya umeme wa jua, akiyeyusha risasi yake ili apate chubwi za nyavu. Watoto walimzunguka wakishangilia jinsi ilivyong'aa mithili ya fedha. Maji ya betri yalikwisha kumwagwa shambani, ndani ya shimo la ngoro. Na sufuria ile ndiyo tuliyopikiwa maharage mchana.

Nilipomwonya, alicheka. "Kaka, wazee waliyeyusha chuma, mbona hawakufa? Na nisipoiyeyusha, betri hii niipeleke wapi?"

Maswali yote mawili yanastahili majibu.

Risasi si chuma. Chuma kinahitajiwa na damu yetu. Risasi haina kazi yoyote mwilini. Huingia kwa moshi, kwa vumbi na kwa mikono isiyonawiwa. Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Hupungukiwa damu, huumwa tumbo, na masomo humwia mazito. Ubongo ukiisha haribika, dawa haiurejeshi. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Majirani zetu wa Kenya wamelilipia ghali somo hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa mwaka 2007. Mama mmoja aliyeajiriwa huko, Ndugu Phyllis Omido, mwanawe mchanga alikutwa na risasi mwilini. Mama huyo aliwaongoza wakazi kudai haki, na kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ilikatiwa rufaa, hata Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo Desemba 2024. Kiwanda kile kilikuwa kikubwa na mafiga yetu ni madogo, lakini sumu ni ile ile.

Ama swali la pili ndilo gumu. Tangu Julai 1, 2006, Umoja wa Ulaya umezuia risasi, zebaki, kadimi na sumu nyinginezo katika vifaa vipya vya umeme. Risasi isizidi sehemu moja katika elfu. Lakini sheria hiyo haigusi betri, ambazo zina sheria yake, wala haiviondoi vifaa kuukuu vilivyokwisha kufika kwetu. Hapa nchini, kanuni za mwaka 2021 za taka hatarishi na za taka za kielektroniki zinataka anayezishughulikia awe na kibali. Ni jambo jema. Hata hivyo, kibali hakimfai mvuvi asiyejua pa kuipeleka betri yake. Yapasa duka linalouza betri mpya lipokee kuukuu, na viongozi wa kata walisimamie jambo hilo.

Wakati tukilidai hilo, tusikae bure. Betri kuukuu isipasuliwe; iwekwe wima, penye paa, mbali na watoto, na tukienda kununua mpya twende nayo. Chubwi za mawe au za udongo uliochomwa zazamisha nyavu vilevile. Nazo betri ndogo za redio na tochi tusizitwange kwa ajili ya kusiliba ubao wa shule, kwani unga wake mweusi una manganizi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo.

Wamatengo tulichimba ngoro ili mvua isichukue udongo wetu. Shimo linalohifadhi rutuba huhifadhi na sumu pia, na mwakani hapo hapo tutapanda maharage.

Mdogo wangu hakujibu. Mama, aliyekuwa akitusikiliza mlangoni, alingoja sufuria ipoe. Kisha alichukua msumari na jiwe, akaitoboa kitako, asije mtu akaipikia tena. Alikuwa na sufuria mbili tu.